Jirani wa Ukuta

Fomu imekuja na nafasi moja ya saini:
jirani wa ukuta, ndiyo mimi.
Mwenyekiti Nandonde kaileta mwenyewe,
kaibana kwapani isishike vumbi la Chuno,
kaniamsha saa saba mchana,
saa ambayo kwangu ni usiku wa manane.

"Mgahawa wenye muziki na dansi," ananisomea,
utadhani sikuuona ukipanda tofali kwa tofali
tangu msimu ule korosho zilipolipa,
bati la bluu, taa za rangi,
na kiuwanja cha saruji
kilichosuguliwa kwa chupa mpaka kikang'aa.
Mwombaji: Somoe Chilumba.
Yule yule wa chapati na ngisi getini kwa hospitali,
aliyeniandika kwenye daftari la madeni
mwaka mishahara ilipochelewa,
wala hakulitaja jina langu mbele za watu.

Swali la tano: "Je, muziki wa usiku utakukera?"

Usiku mimi sipo.
Usiku nipo wodi ya wazazi, Ligula,
nashika miguu inayotetemeka,
nasema sukuma, nasema pumua, nasema bado,
na muziki wangu ni kilio cha kwanza
cha mtu asiyejua kaingia mji gani.
Saa moja asubuhi navua viatu.
Saa mbili, mtaa ukishakunywa chai,
kijana wa Somoe anawasha spika:
moja mbili, moja mbili, jaribio,
na besi inapenya tofali, inapanda kitandani,
inajilaza upande aliouacha mume wangu.

Hilo fomu haikuuliza.
Sheria imesema saa tano usiku,
Ijumaa na sikukuu saa sita;
imeupima usiku, ikausimikia bikoni,
ukilala nje ya bikoni, shauri yako.

Wengine walishajibu.
Mwalimu Lichela kakataa kwa wino mwekundu: MAADILI.
Juni, mwali wake alipotoka,
ngoma hazikulala siku tatu,
kina mama wakaimba mambo
ambayo wino mwekundu usingethubutu kuyasahihisha,
na hakuna aliyepita na fomu.
Simsemi. Nilikuwepo. Nilicheza mpaka kanga ikafunguka.

Muhibu wa chumba cha uani, mtahiniwa wa kidato cha nne,
kaandika "sawa", kafuta, kaandika tena "sawa".
Karatasi imetoboka pale.

"Tunakungoja wewe tu, dada nesi.
Ukikataa, Halmashauri wanalirudisha faili."
Mfukoni mwake muhuri umevimba, kajipu kanakosubiri kupasuliwa.

Nachukua kalamu, ile ya kuandikia saa za kuzaliwa.
Swali la tano: Hapana.
Kisha pembeni, kwenye weupe usio wa mtu,
kwa herufi za kadi ya kliniki:

"Saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana ni usiku.
Yupo mtu amelala hapa."

Nandonde anasoma, anarudia, midomo inacheza.
"Hii haina kisanduku."
"Kichore," namwambia, narudi kitandani.

Leseni ilitoka mwezi wa tisa.
Sijui huko juu walikichora au hawakukichora,
ila Somoe katundika ubao nje, kwa chaki:
LEO PWEZA WA NAZI. DANSI SAA MBILI USIKU.
ASUBUHI KIMYA, NESI KALALA.

Basi mtaa mzima unaujua usingizi wangu,
muuza maji anashusha madumu polepole,
na saa tisa alasiri, nikitoka na ndoo,
macho mazito, alama ya mto shavuni,
Mwalimu Lichela ananyanyua kofia ng'ambo ya barabara:
"Umeamkaje, dada?"

Nimeamka salama, Mwalimu.
Habari za asubuhi.